Bangi na Dawa si Kitu Kimoja

Ndugu wananchi wa Tarime na Serengeti,

Tunaulizwa: ikiwa bangi ni dawa kwingineko, mbona mashamba yake hufyekwa huku? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa yenye kanabidioli, kiambata kitolewacho katika mmea huo. Na mwaka 2021 jirani zetu wa Rwanda waliruhusu kilimo chake kwa tiba na utafiti. Lakini kilichoidhinishwa Marekani ni dawa ya maji iliyosafishwa na kupimwa, si majani ya kuchemsha nyumbani ambayo nguvu yake hakuna aijuaye.

Kwetu, Sheria ya mwaka 2015 ingali inakataza kulima, kumiliki na kutumia bangi. Hata Bunge likiamua vingine, tutadai yaleyale: dawa iliyosajiliwa, dozi inayojulikana, na daktari anayewajibika.

Kwa sasa, mzazi mwenye mtoto wa kifafa asimwachishe vidonge vya kliniki kwa ahadi ya mtu yeyote. Kuviacha ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma. Akiona havimsaidii, amrudishe kituoni abadilishiwe.