SENEMA YA WACHORAJI WA UKUTANI: JE, NI KWELI?

Ninyi wa darasa la Kidahwe, somo la leo limetokana na swali lenu. Mmeuliza hivi: hadithi ya kusimuliwa yaweza kuwa ya uongo, lakini senema ni picha, na picha huonekana kwa macho, je, senema nayo yaweza kudanganya?

Swali zuri. Nitalijibu kwa kuwaeleza habari za senema moja ambayo watu wameibishania tangu mwaka 2010.

Kwanza tuwajue wachoraji wenyewe. Mmekwisha kuona banda la kinyozi lililochorwa vichwa vya watu kwa rangi. Mchoraji yule aliitwa na mwenye banda, akalipwa. Lakini katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wako wachoraji wasioitwa na mtu. Huja usiku, huchora upesi ukutani, huondoka kabla askari hawajatokea. Mmoja wao ni Mwingereza ajiitaye Banksy. Yeye hukata umbo la picha katika karatasi ngumu, hulishikiza ukutani, hupuliza rangi ya mkebe juu yake. Akiliondoa karatasi, picha imebaki. Kwa miaka mingi mtu huyu ameficha jina lake na uso wake.

Banksy ndiye aliyetoa senema hiyo. Inaitwa Exit Through the Gift Shop, na maana yake ni "Toka kwa kupitia duka la zawadi." Lakini mtu mkubwa ndani yake si Banksy. Ni Mfaransa, mkazi wa mji wa Los Angeles, jina lake Thierry Guetta. Na kazi yake ilikuwa nini? Nguo za mitumba! Nawaona wauzaji wa Mwanga mnatabasamu. Guetta asema katika senema kwamba alikuwa akinunua robota la nguo, au belo kama mnavyosema sokoni, kwa dola 50. Nguo zenye mshono wa ajabu akizitenga na kuziita za fundi mashuhuri. Belo moja likampatia hata dola 5,000. Tafadhali likumbukeni belo hilo, tutalirudia.

Guetta alikuwa na tabia ya kutembea na kamera na kupiga picha kila kitu. Binamu yake wa Paris alikuwa akibandika vigae vidogo vya rangi kwenye kuta, naye Guetta akamfuata usiku na kamera. Kwa njia hiyo akawajua wachoraji wengine, na mwishowe Banksy mwenyewe. Kanda zikajaa masanduku. Aliwaambia kwamba anatengeneza senema, lakini alipoitoa, haikutazamika. Basi Banksy akamwambia aende zake akachore, na kanda akazitumia yeye.

Guetta akaenda kweli. Akajiita Mr. Brainwash, akaajiri mafundi wakamtengenezea picha kwa wingi, na mwezi wa Juni, 1968? Hapana, samahani, 2008, akafungua maonyesho makubwa Los Angeles. Watu walipanga mstari. Senema yasema picha ziliuzwa kwa karibu dola milioni moja.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Watu walisema: haiwezekani! Huyu Guetta ni mwigizaji tu. Banksy amemtunga ili awacheke matajiri wanaonunua jina badala ya picha. Wengine wakasema hapana, mambo hayo yalitokea. Banksy naye alisema ni kweli tupu. Lakini ndugu zangu, neno la mtu aliyejificha uso lina uzito gani? Mwaka 2011 senema hiyo ilikuwa miongoni mwa tano zilizochaguliwa kushindania zawadi ya Oscar katika fungu la filamu za habari za kweli. Haikushinda.

Sasa tuiache Marekani kidogo, twende Ujiji, karibu nanyi. Waliofika kwenye jumba la ukumbusho wameona sanamu za Livingstone na Stanley wakiamkiana. Stanley alifika Ujiji mwaka 1871, akitumwa na gazeti la New York. Aliporudi Uingereza mwaka 1872, watu wengi walimwita mwongo. Walisema hakumwona Livingstone, na barua alizozileta amezighushi. Lililomwokoa ni mwandiko. Jamaa za Livingstone walizitazama zile barua wakautambua mkono wake. Basi Stanley alifika Ujiji kweli, na Livingstone mwenyewe aliandika habari za kufika kwake.

Lakini je, yale maneno machache ya kumwamkia, yaliyompa Stanley sifa dunia nzima? Hilo ni jambo jingine. Katika daftari lake la safari, karatasi ya siku ile imechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley katika kitabu cha mwaka 2007, aona kwamba maneno yale yalitungwa baadaye. Mwaona? Barua zathibitisha safari. Hazithibitishi salamu.

Na Guetta ni vivyo hivyo. Mpiga picha mmoja, Glen E. Friedman, alimshtaki mahakamani kwa kutumia picha yake ya waimbaji Run-DMC bila ruhusa. Mwaka 2011 hakimu huko California aliamua kwamba Guetta amekosa. Basi mtu huyo yupo, na kazi za Mr. Brainwash amezijibia mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Lakini hukumu hiyo haisemi ni nani aliyebuni mambo tangu mwanzo, wala Banksy alimnong'oneza nini. Mimi naamini mtu ni wa kweli na maonyesho ni ya kweli. Mpango wa nyuma yake sina hakika nao. Tena nalitazama lile belo: mtu aliyeuza mshono mbovu kwa jina la fundi mkubwa hakuhitaji kufundishwa sana namna ya kuuza picha.

Niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Baba yangu mdogo alikuwa akikamua mawese. Siku moja mnunuzi alimletea karatasi, akamsomea: umepokea fedha za madebe manne, utaleta madebe manne. Akatia dole gumba. Wakati wa kulipa, karatasi ilisema kumi na manne. Mbele ya wazee aliulizwa, "Dole hili si lako?" Akajibu ni langu. Shauri likaishia hapo, akalipa misimu miwili. Hakuna aliyeuliza kama yale yaliyosomwa ndiyo yaliyoandikwa. Dole lilikuwa la kweli kabisa.

Kwa hiyo, wenzangu wa Kidahwe, jibu langu ni hili: picha ya senema ni kama dole lile. Yathibitisha kwamba mtu alisimama mbele ya kamera. Maneno yanayosemwa juu yake, na mpango wa kipi kitangulie na kipi kifuate, hutiwa baadaye na mtu mwingine, chumbani, na kwake yeye yapasa kuuliza habari zake.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu aandike ubaoni sentensi hizi nne: Stanley alifika Ujiji. Stanley alitamka maneno yale ya salamu. Guetta ni mtu wa kweli. Guetta alibuni maonyesho yake mwenyewe. Kila mmoja azisome kwa sauti, kisha aandike pembeni: "imethibitika" au "haijathibitika," na aseme kwa ushahidi gani. Msiopatana, bishaneni, mradi kila mtu apewe nafasi ya kumaliza maneno yake. Majibu yenu niandikieni kwa barua, nami nitayasoma katika somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya kusoma mizani na stakabadhi.

Kwaherini.