Mnyoo wa Omena, Ndege wa Ziwa na Afya Yetu

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakazi wa ufuo, Siku ya Ndege Wahamao Duniani

 

Mimi si daktari wala si mtaalamu wa ndege. Kazi yangu ni habari, na habari ndiyo iliyonileta hapa. Majuma machache yaliyopita, picha moja ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ilimwonyesha omena aliyepasuliwa tumbo, na ndani yake mnyoo mweupe, bapa kama utepe. Chini yake mtu aliandika kwamba ndege wanaotoka Ulaya wametuletea ugonjwa, na kwamba atakayekula omena atajaa minyoo tumboni.

Siku iliyofuata mama mmoja mchuuzi alinipigia simu. Alikuwa na magunia mawili ya omena mkavu aliyemnunua kwa mkopo wa chama, na wateja walikuwa wamemkimbia. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, nimwage?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuwauliza maafisa wetu wa uvuvi, wa mifugo na wa afya. Leo nimekuja kujibu mbele ya wote.

Jibu ni kwamba asimwage. Mnyoo yule ni wa kweli, na ni kweli anatokana na ndege. Lakini si yeye anayetuumiza hapa ziwani.

Jina lake la kitaalamu ni Ligula. Mnyoo aliyekomaa hukaa kwenye utumbo wa ndege wanaokula samaki, kama mnandi, na hukaa humo siku chache tu. Hutaga mayai, na mayai hutoka na kinyesi cha ndege hadi majini. Yakianguliwa, vijidudu vidogo vya majini huwameza wale watoto wa mnyoo. Omena hula vijidudu hivyo, kwa kuwa ndicho chakula chake cha kila siku. Ndani ya omena mnyoo hukua akiwa kwenye nafasi ya tumbo, kando ya utumbo, mpaka tumbo la samaki linavimba. Samaki huyo hazai vizuri, na akidhoofika huogelea juu juu. Ndege humwona, humdaka, na mzunguko huanza upya.

Katika mzunguko huo kuna ndege, kijidudu cha majini na samaki. Binadamu hayumo. Ndiyo maana wataalamu hawamhesabu mnyoo huyu miongoni mwa wale wa kuogopwa na mlaji. Na hata angekuwa na nia mbaya, sufuria inayochemka ingemmaliza. Omena akipikwa akaiva vizuri, yule mnyoo ni nyama iliyoiva tu. Kama anakuchukiza, mtoe umtupe, kisha endelea na mapishi yako.

Neno moja la tahadhari hapo. Kukausha samaki juani si kupika. Iko minyoo mingine inayopita kwa ndege na samaki. Kule Ziwa Naivasha, watafiti wamemkuta ndani ya samaki mnyoo aitwaye Contracaecum, ambaye hukomaa ndani ya ndege kama mnandi na mwari. Minyoo wa jamii yake wanaweza kumsumbua mtu anayekula samaki mbichi au asiyeiva. Kwa hiyo kanuni ni ile ile kwa omena, ngege na mbuta: moto ufike hadi ndani.

Sasa mtaniuliza, je, ndege hawana lawama hata kidogo? Tuseme ukweli. Kinyesi cha ndege wa majini, awe mgeni au mwenyeji, kinaweza kubeba vijidudu visivyoonekana kwa macho. Katika nchi mbalimbali, bata na ndege wengine wa majini wamekutwa na vijidudu vya kuharisha kama jiadia na kriptosporidiamu. Si kila aina ya vijidudu hivyo humwambukiza mtu, lakini baadhi huweza, na mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu huumia zaidi. Kriptosporidiamu haifi kwa urahisi kwa dawa ya klorini. Hufa maji yakichemka. Mama anayechota maji ziwani asubuhi na kumpa mtoto anywe bila kuyachemsha anacheza na hatari kubwa kuliko mnyoo wa kwenye picha.

Kuna pia mwasho wa waogeleaji. Baadhi ya ndege, hasa bata, wana minyoo wa damu wanaopitia kwenye konokono. Watoto wa minyoo hao wakikutana na ngozi ya mtu majini hujaribu kuingia, hushindwa, hufia humo humo kwenye ngozi. Mtu huota vipele na kujikuna siku kadhaa, kisha hupona.

Lakini msichanganye mwasho huo na kichocho, ambacho wengi wetu tunakiita bilharzia. Kichocho cha ziwa letu hakiletwi na ndege. Kinaletwa na sisi. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia ziwani au ufuoni, mayai huingia majini, huanguliwa, huingia kwenye konokono, na kutoka hapo huwatafuta watu. Hupenya ngozi ya mvuvi anayesukuma mashua, ya mama anayefua, ya mtoto anayeoga. Huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo. Kikikaa miaka, huharibu ini. Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Lakini ukimeza dawa leo na kesho ukaingia kwenye maji yale yale, utaugua tena. Kinachokata mzunguko ni choo.

Ndugu zangu, tumemnyooshea kidole mnandi anayejisaidia ziwani. Yeye hana choo. Sisi tuna sababu gani?

Naomba tukubaliane mambo haya.

Kwanza, omena aanikwe juu ya vichanja, si kwenye nyavu zilizotandazwa chini mahali ambapo ndege, mbwa na mbuzi hupita. Akina mama mnajua kwamba aliyekauka kichanjani hana mchanga na bei yake ni nzuri.

Pili, maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika samaki na kabla ya kula.

Tatu, kila ufuo uwe na choo kinachotumika, na BMU isimamie usafi wake kama inavyosimamia nyavu.

Nne, anayeona damu kwenye choo asinunue dawa kwa kukisia. Aende kituo cha afya apimwe, au amwambie mhudumu wa afya ya jamii.

Tano, ukikuta ndege amekufa, hasa wakiwa wengi mahali pamoja, usimguse, usimle wala usimpe mbwa. Inaweza kuwa mafua ya ndege, ambayo ni virusi na si minyoo, au inaweza kuwa sumu. Mwarifu afisa wa mifugo.

Hiyo sumu naomba niizungumzie. Nimesikia vijana wakisema dawa ya tatizo hili ni kuwaua ndege. Kule Bunyala, wahifadhi wameripoti ndege wakitegwa kwa sumu ya shambani na kuuzwa kama kitoweo. Anayemla ndege huyo anakula sumu. Na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege hawa. Buabua na vitwitwi wanaotua hapa kuanzia Septemba wamevuka jangwa na bahari, na ifikapo Aprili wengi watakuwa wamerudi kwao kaskazini. Wengine, kama mnandi na mdiria, ni majirani zetu mwaka mzima. Ukiwaua wote, kichocho kitabaki pale pale.

Namalizia na yule mama. Nilimpigia simu nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba gunia moja alikuwa ameshaliuza kwa mwenye kuku, kwa bei ya hasara. Gunia la pili bado analo. Mkopo wa chama unamsubiri.

Hasara hiyo haikuletwa na ndege wala mnyoo. Ililetwa na ujumbe uliosambazwa na watu ambao hawakuuliza. Picha nyingine ikija kwenye simu yako, kabla ya kuituma mbele, muulize kwanza afisa wa uvuvi au wa afya wa wadi yako. Nasi wa ofisi ya mawasiliano tutajitahidi jibu lifike mapema kuliko uvumi.