Kinga ya Mionzi: Vazi la Plastiki na Askari wa Mpakani



Pale Mto Rusizi unapotoka katika Ziwa Kivu, ndipo penye wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Askari alindaye daraja hilo amefundishwa kutambua silaha, magendo na hati za kughushi. Lakini yuko adui mmoja asiyeonekana kwa jicho, asiye na harufu, wala hamuumizi mtu mpaka saa au siku kadhaa zimekwisha kupita. Adui huyo ni mionzi.

Jambo hili si geni katika eneo la Maziwa Makuu. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Koltani nayo huwa na urani na thori kidogo ndani yake, na shehena inayozidi bekereli 10 kwa gramu huhesabiwa, kwa kanuni za kimataifa, kuwa mzigo wa mionzi. (Gunia la koltani halimdhuru askari kwa kupita karibu naye, wala asije mtu akalikimbia gunia kwa sababu ya mazungumzo haya.) Tena Rwanda yenyewe inaitumia mionzi kwa manufaa. Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ilianza kutibu saratani kwa mionzi mwaka 2019, mashine zake zikiwa zimefungiwa ndani ya kuta nene za zege.

Kwa miaka mingi kinga ya mtumishi wa chumba cha eksirei imekuwa ni vazi la risasi, metali ile ile iliyoipa jina risasi ya bunduki. Vazi hilo ni zuri, lakini ni zito, huchosha mgongo, na likikunjwa hupata nyufa zisizoonekana. Ndiyo maana hutundikwa, halikunjwi. Isitoshe, risasi ni sumu, na vazi lililochakaa halitupwi ovyo jalalani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta badala yake. Huchukua polima, yaani plastiki au mpira, wakachanganya humo unga wa metali nzito isiyo na sumu kali kama ya risasi: bismuthi, bariamu, au wolframu, madini ambayo Rwanda huyachimba katika ardhi yake yenyewe. Jambo jipya ni udogo wa unga huo. Chembe zake hupimwa kwa nanomita, na nanomita 1,000,000 ndizo zifanyazo milimita 1. Unga wa kawaida huacha nafasi kati ya chembe na chembe, na mwale hupenya humo kama maji yapitavyo katika chekecheke. Chembe za nano zikisambazwa vyema huziba nafasi hizo, na vazi huwa laini na jepesi kidogo. Zikizidi mno, hushikamana mabonge na plastiki huwa dhaifu. Kwa miale ya nyutroni huongezwa boroni, na hapo polima yenyewe husaidia kwa sababu imejaa haidrojeni.

Sasa hapa ndipo penye neno kwa askari. Sifa hizo zote ni za eksirei ya hospitali, ambayo nguvu yake ni ndogo. Vazi lenye kinga sawa na nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya sehemu 90 katika 100 za eksirei hiyo. Vazi hilo hilo likikabiliwa na sizi-137 huzuia takriban sehemu 6 tu katika 100, na mbele ya kobalti-60 ni kama sehemu 3. Ili kuipunguza miale ya sizi kwa nusu, yatakiwa risasi ya karibu milimita 6 na nusu. Kwa kobalti, karibu milimita 12. Kwa miale yenye nguvu kiasi hicho, udogo wa chembe hausaidii kitu. Linalohesabiwa ni uzito. Muuzaji akija na fulana nyepesi akidai kwamba humkinga askari na kila aina ya mionzi, huyo anauza maneno.

Yaliyotokea Lilo, nchini Georgia, yafaa kukumbukwa na kila kikosi. Mwaka 1997 askari 11 wa mpakani, katika kambi ya mafunzo iliyoachwa na jeshi la Kisovyeti, walipata vidonda vya ngozi ambavyo mwanzoni havikueleweka. Baadaye vyanzo vya sizi viligunduliwa vimetelekezwa kambini. Kimoja kilikutwa ndani ya mfuko wa koti la kijeshi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, sizi iliyotolewa katika zahanati iliyohamwa iliua watu 4, na watu wapatao 112,000 wakalazimika kupimwa.

Kinga ya kwanza ya askari, basi, ni miguu yake. Aliyesimama mita 10 kutoka kwenye chanzo kidogo hupata sehemu 1 katika 100 ya kile anachopata aliyesimama mita 1. Chombo kizito kupita ukubwa wake, au chenye alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano, kikikutwa kimetupwa au kimevunjika, kisiguswe wala kupelekwa kituoni kama kielelezo. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ni kuwaondoa watu na kuweka uzio wa mita 30 pande zote. Palipo na moto au moshi, mita 300. Majeruhi aliye katika hatari ya kufa huokolewa upesi, bila kungoja kipimo. Majina ya wote waliokaribia chombo huandikwa, pamoja na muda waliokaa hapo, kwa kuwa daktari atayahitaji. Kisha taarifa hupelekwa kwa wakubwa wa kikosi na kwa RURA, mamlaka iliyopewa kazi ya kusimamia kinga ya mionzi nchini kwa sheria ya mwaka 2018, na uzio hauondolewi mpaka wataalamu wenye vipimo wafike.