Je, Kikombe Tutakitwaa Tena?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tangu timu ya chama chetu ilipotwaa kikombe mwaka jana, kila tukutanapo maofisini twaulizwa swali moja: je, tutakitwaa tena? Tumeombwa kulijibu leo, wala hatutajibu kwa kujisifu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na tuitazame Misri. Mwaka wa 2006 ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo, ikiishinda Ivory Coast kwa penalti. Mwaka wa 2008, mjini Accra, iliifunga Kamerun bao 1 kwa 0. Na mwaka wa 2010, mjini Luanda, ikaifunga Ghana vivyo hivyo. Hakuna taifa lililopata kushinda mara tatu mfululizo kabla yake.

Lakini katika mashindano ya 2012 Misri haikufika kabisa, wala ya 2013, wala ya 2015. Wako wasemao kuwa sababu ni machafuko ya 2011. Hayo yalidhuru kweli. Walakini mwezi wa Oktoba 2010, kabla ya machafuko, Niger ilikuwa imekwisha kuifunga bao 1 kwa 0. Twaona ya kuwa mabingwa wale walikuwa wamechoka. Pale Luanda kipa El Hadary alikuwa na miaka 37, na kapteni Ahmed Hassan miaka 34. Uzee si kosa, kwani El Hadary huyo huyo alilinda goli katika fainali ya 2017, naye ana miaka 44. Kosa ni kutowazoeza warithi mapema.

Basi turudi kwetu. Wachezaji wetu kumi na mmoja ni wale wale wa miaka mitano iliyopita, na vijana watatu hodari kazi yao ni kushika makoti yetu kando ya uwanja. Sisi wenyewe, tuchezao beki wa kushoto, magoti yamekwisha kutuonya. Tangu leo nafasi hiyo twaiacha, na kila jioni tutamfundisha atakayeirithi. Wako wawili wengine wapaswao kufanya hivyo. Hatuwataji, maana wenyewe wajijua.

Huenda mwaka huu tukakikosa kikombe kwa ajili ya ugeni wa vijana. Lakini tukiwanyima nafasi, tutakikosa miaka mingi.