WAWILI WAWILI

Dominika ya 15 ya Mwaka B
Masomo: Amosi 7:12-15, Waefeso 1:3-14, Marko 6:7-13



Katika Injili ya leo Bwana wetu anawatuma mitume wake kumi na wawili safarini. Anawakataza mkate, mkoba na fedha. Anawaruhusu fimbo na viatu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hamnyimi hata mmoja wao, nacho ni mwenzi. Anawatuma wawili wawili.

Mwaka 1989, nikiwa mseminari, mimi na rafiki yangu tulikusudia kusafiri wakati wa likizo kutoka Mbeya hadi Kabwe, nchini Zambia, alikoishi mjomba wake. Treni ya TAZARA ingetufikisha Kapiri Mposhi, si mbali na Kabwe, lakini nauli ilitushinda. Tukaamua kwenda kwa kuomba lifti katika malori.

Tulipanga kwa juma zima. Tuliandika daftarini majina ya miji: Tunduma, kisha Nakonde ng'ambo ya mpaka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi. Tulitafuta hati za kusafiria na kadi za chanjo. Tuligawana fedha, ili mmoja akiibiwa, mwingine awe na akiba. Tulimwandikia mjomba barua kwamba wageni ni wawili. Jambo moja tu hatukulizungumza: lori likiwa na nafasi moja, itakuwaje?

Swali hilo lilitungoja mpakani. Tulikaa Nakonde siku mbili, tukimwomba kila dereva aliyemaliza shughuli za forodha. Alfajiri ya siku ya tatu dereva mmoja alisema anakwenda Lusaka, ila kiti ni kimoja. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilimsihi dereva asubiri kidogo; akawasha injini. Nikapanda. Daftari lenye anwani ya mjomba lilikuwa mfukoni mwangu.

Ndugu zangu, nilijitetea njia nzima. Nilijiambia kwamba natangulia ili kumwandalia mahali, na kwamba hata yeye angefanya vivyo hivyo. Nilipobisha hodi Kabwe, mjomba alinikaribisha kwa furaha, akatazama nyuma yangu, akauliza: "Mwenzako yuko wapi?" Nililitambua swali hilo. Ndilo Mungu alilomwuliza Kaini.

Rafiki yangu alifika siku tatu baadaye, amejaa vumbi, baada ya kuulizia nyumba kwa nyumba. Hakunilaumu. Alisema tu: "Siku ile nilirudi na maji ya watu wawili." Nilimwomba msamaha usiku ule ule, naye akanisamehe. Lakini maneno yale ninayo hata leo, nami huyakumbuka kila ninaposoma Injili hii.

Wapendwa, wachumba hupanga ukumbi, mavazi na chakula. Vijana wanaotaka kuvuka mpaka kutafuta kazi hupanga hati na nauli. Makatekista wanaokwenda vigangoni hupanga ratiba na mafundisho. Hayo yote ni mema, na asiyeyapanga ana hatari ya kukwama njiani. Lakini kabla ya kuhesabu fedha, ulizaneni kwa uwazi: kiti kikiwa kimoja, tutafanyaje? Ugonjwa ukija, kazi ikipatikana kwa mmoja tu, sifa zikimwendea mmoja tu, tutangojana?

Mitume hawakuwa na mkate wa kuwaonyesha watu. Walichokuwa nacho ni namna walivyotembea pamoja. Nani angeamini habari ya upendo wa Mungu kutoka kwa mtu aliyemwacha mwenzake mpakani?

Juma hili, kama yuko mtu uliyemwacha njiani, usingoje akufikie akiwa na vumbi. Rudi ukamtafute. Na kama wewe ndiwe uliyeachwa, Bwana akujalie moyo wa kusamehe kama alionao rafiki yangu.

Tumsifu Yesu Kristo!