Mzee Akipasuliwa Asiachwe Peke Yake



Miaka kumi sasa tunachangiana pesa za matibabu. Leo tunasema hivi: kulipa hospitali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko pale kitandani.

Mzee akishapasuliwa anaweza kuchanganyikiwa ghafla. Hajui siku, hatambui watoto, usiku halali. Wengine husema karogwa, au ni uzee tu. Hapana. Ubongo wake umeelemewa na ugonjwa, dawa na maumivu, na upweke unazidisha. Muuguzi aambiwe mara moja.

Lakini kinga ipo, nayo si ya pesa nyingi. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwan walitoa matokeo ya wagonjwa 377, wenye miaka 65 na zaidi, waliopasuliwa tumboni. Kundi moja waliongeleshwa kila siku, wakasaidiwa kula na kusafisha kinywa, wakainuliwa mapema watembee. Waliochanganyikiwa hawakufika 7 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida tu, walikuwa 15.

Basi tupeane zamu. Tumpelekee mama miwani yake. Tumwambie leo ni siku gani, nani kajifungua, mahindi yamefikia wapi. Tumwulize naye, ajibu. Daktari akiruhusu, tumshike mkono atembee. Usiku tumwache alale.

Daftari letu lina safu ya michango. Tuongeze na safu ya zamu.