Hotuba ya Walimu wa Kujitolea, Siku ya Walimu Duniani



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema. Siku hii ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, kwa kukumbuka mapendekezo juu ya hadhi ya mwalimu yaliyopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966. Miaka miwili baadaye, mwaka 1996, vita viliingia Kivu ya Kusini, na wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukaletwa hapa Nyarugusu. Hatukuja na madaftari, tulikuja na watoto. Walimu wa kwanza walianza chini ya miti, na hakuna aliyewaajiri. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya hapa, wengine walirudi nyumbani, wengine walipelekwa nchi za mbali. Na baadhi yetu tunaosimama mbele yenu leo tulikuwa wale watoto wa chini ya miti.

Ndugu zetu, hatukuja kujisifu. Kazi hii ina matamu yake na machungu yake, na leo tutasema yote mawili.

Tunaingia darasani tukiwa na kipande cha chaki, mbele yetu watoto zaidi ya mia moja. Mvua ikipiga juu ya bati, sauti ya mwalimu haifiki hata dawati la pili. Basi tunaimba jedwali la kuzidisha mpaka mvua ichoke. Siku ya mgao nusu ya darasa haipo. Na mwalimu naye, baada ya kipindi, hukimbilia foleni ile ile. Mwenzetu mmoja alikuta mwanafunzi wake amesimama mbele yake na gunia. Mtoto akamwuliza, "Mwalimu, kumbe na wewe unakula unga huu huu?" Wote wawili wakacheka. Siku iliyofuata mtoto yule, aliyekuwa haongei darasani, alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

Kuna wazazi huuliza kwa nini tunafundisha kwa Kifaransa, nasi tumezungukwa na Kiswahili. Jibu letu ni moja: tunafuata mtaala wa Kongo ili mtoto atakayerudi asianze upya darasa la kwanza akiwa na ndevu.

Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipoingia kwa maelfu, vyumba vya madarasa viligeuka malazi, nasi tukarudi chini ya miti. Tulinung'unika, ni kweli. Lakini mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipotuomba radhi kwa kulala penye ubao wetu, tulinyamaza. Yeye wa mwaka 2015 alikuwa ni sisi wa mwaka 1996.

Sasa tunafika penye neno zito. Hili halijawahi kusemwa mbele ya wazazi.

Uko mwaka ambao motisha ilichelewa mwezi wa kwanza, ikachelewa wa pili, na hakuna aliyetueleza sababu. Motisha maana yake ni kutia moyo. Moyo tulikuwa nao. Sabuni ndiyo hatukuwa nayo. Tukakubaliana kukaa nyumbani mpaka tujibiwe. Hatukuwaambia wazazi, hatukuiambia Kamati.

Tulidhani watoto watabaki majumbani. Wale wa darasa la sita walikuja kila asubuhi. Wiki ya pili mmoja wetu alipita karibu, akachungulia dirishani. Msichana mmoja alikuwa ubaoni, anafundisha wenzake kwa kaa la moto lililozimika. Alikuwa ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili juu ya tano, na darasa zima lilikuwa linanakili. Kosa lile lilikuwa letu. Somo hilo tulilikatiza siku ya mgao, tukafuta ubao kwa haraka tukaondoka, wala hatukulirudia. Mwenzetu alishindwa kupita. Aliingia, akafuta, akaandika tano juu ya sita, akaeleza mpaka wote wakaelewa. Kesho yake sote tulirudi kazini.

Sote walimu tulirudi, lakini wanafunzi hawakurudi wote. Mvulana mmoja alikuwa amekwenda vibarua mashambani, na msichana mmoja alikuwa ameozwa. Madawati yao yalikaliwa na wengine. Kwa wazazi wa watoto hao wawili, tunaomba radhi leo, mbele ya watu. Hatusemi kwamba ni sisi peke yetu tuliowapoteza. Tunasema kwamba wiki zile mbili hatukuwepo kuwashika.

Hata hivyo kosa letu halifuti haki yetu. Mtu anayejitolea naye ana watoto, naye huugua. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa mashirika: motisha ikitaka kuchelewa, tuambiwe mapema na kwa maneno wazi. Habari mbaya tunaweza kuibeba. Ukimya ndio unaotuvunja.

Kwa wazazi: siku ya mgao mtume mtoto mmoja kusaidia gunia, wengine waje shuleni. Na mtoto akikosa siku tatu, msingoje tuulize, mje mtueleze.

Kwa Kamati: pawepo kikao cha walimu na wazazi kila mwezi, ili malalamiko yetu yafike mezani kabla hayajafika darasani.

Na sisi kwa upande wetu tunatoa ahadi. Tutadai, tutaandika barua, tutakuja kukaa mbele ya ofisi ikibidi, lakini baada ya kipindi cha mwisho. Darasa la sita halitaachwa tena peke yake.

Msichana yule wa ubaoni alimaliza sekondari hapa hapa kambini. Leo amekaa safu ya mbele, upande wa walimu, na hesabu za sehemu anafundisha yeye.